Pedali ya gitaa uliyoiunda mwenyewe inaposumbua: tafuta kosa kwenye umeme kwanza

Mtu akimaliza kulehemu pedali yake ya kwanza, kile kisanduku kinachokanyagwa kwa mguu ili kubadilisha sauti ya gitaa, akachomeka gitaa na asisikie kitu, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye pasi ya kulehemu. Anaanza kung'oa transista, kubadilisha chipu na kuchoma upya viungo ambavyo havikuwa na kosa lolote. Pedali nyingi nilizoletewa zikiwa zimekwisha kufanyiwa upasuaji wa namna hiyo zilikuwa na saketi nzima tangu mwanzo. Kilichokuwa na kasoro ni umeme uliokuwa ukiingia, na upasuaji wenyewe ndio ulioleta makosa mapya. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia nje, kwenye adapta, na unaingia ndani ya kasha pale tu mita inapothibitisha kwamba kinachofika mlangoni ni sahihi.

Adapta inatoa nini hasa?

Pedali nyingi za gitaa hutumia volti 9 za umeme wa DC, zinazoingia kwa plagi ya duara yenye kipenyo cha nje cha milimita 5.5 na tundu la milimita 2.1, ambapo katikati ni hasi na ganda la nje ni chanya. Ndio mpangilio wa pedali za Boss, na watengenezaji wengi wameufuata. Tatizo ni kwamba plagi hiyo hiyo, kwa ukubwa ule ule, hutumiwa na rauta za intaneti, ving'amuzi na kamera za ulinzi, ambavyo kwa kawaida hutaka chanya katikati na mara nyingi volti 12. Adapta ya rauta iliyobaki nyumbani itaingia kwenye pedali bila kugoma, nayo italeta makosa mawili kwa mpigo: chanya na hasi zimebadilishana, na volti zimezidi.

Chukua multimita, iweke kwenye DC ya volti 20, ingiza ncha nyekundu kwenye tundu la katikati la plagi na uguse ganda la nje kwa ncha nyeusi, ukiwa mwangalifu ncha mbili zisigusane. Adapta inayofaa itaonyesha alama ya kutoa mbele ya tarakimu, kwa mfano −9.2, na hapo alama hiyo ni habari njema, kwa kuwa inakuambia kwamba hasi iko katikati. Ukiona 12.1 bila alama ya kutoa, iweke adapta hiyo mbali na meza yako ya kazi.

Kipimo hicho peke yake hakitoshi. Adapta za zamani, zile nzito zenye transfoma ndani, mara nyingi hazina regyuleta, kipuri kinachoshikilia volti zisipande wala kushuka. Zimeandikwa volti 9, lakini zisipobebeshwa mzigo huweza kuonyesha 13 au 14, kwa sababu volti 9 za AC zikinyooshwa na dayodi na kujazwa kwenye kapasita hupanda hadi kilele chake, yaani 9 mara 1.414, kasoro kile kinacholiwa na dayodi, na transfoma isiyo na mzigo yenyewe hutoa zaidi ya hizo 9. Unganisha rezista ya ohmu 470 ya nusu wati kati ya chanya na hasi, kisha upime tena. Ikiwa volti zimebaki karibu na 9 kabla na baada ya rezista, adapta ina regyuleta. Zikianza juu na kushuka kwa kiasi kikubwa mara rezista inapounganishwa, haina, na pedali inayokula miliampia 5 tu itapokea volti nyingi kuliko zilizoandikwa.

Adapta yenyewe usiifungue. Ndani ya zile nyepesi za kisasa kuna kapasita iliyojaa zaidi ya volti 300 zinazotokana na umeme wa ukutani wa volti 230 au 240, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Adapta mbovu hutupwa, haitengenezwi mezani kwa mwanafunzi wa pedali. Kwa sababu hiyo hiyo, usiweke transfoma ya umeme wa ukutani ndani ya kasha la pedali litakalokanyagwa na mguu.

Moshi, harufu, au kitu kinachopata moto

Chomoa kwanza, fikiri baadaye. Nililipata somo hili kwa pedali yangu ya ovadraivu (ile inayokwaruza sauti ya gitaa), niliyoichomekea adapta ya rauta usiku nikitaka kuijaribu upesi: kapasita ya mikrofaradi 100 ilivimba kichwani, ikalia kama bisi inayopasuka kwenye sufuria, kisha chumba kikajaa harufu inayofanana na ya samaki. Kapasita za elektroliti zina upande, na zikipewa umeme kinyume hupitisha mkondo ndani yake, zikachemka na kupasuka. Ndiyo maana inafaa kuvaa miwani, au angalau kuondoa uso juu ya saketi, unapoiwasha kwa mara ya kwanza.

Ikiwa adapta imepimwa na ni sahihi, angalia mambo matatu kwa utaratibu: je, mstari wa hasi ulio ubavuni mwa kila kapasita ya elektroliti umeelekea upande wenye volti ndogo, mara nyingi ardhi ya saketi (njia ya pamoja ambayo kwa kawaida ni hasi), je, chipu imewekwa ikiwa imegeuzwa, yaani kile kijikato kilichoko mwisho mmoja kiko upande usio wake, na je, chipu yenyewe inastahimili volti unazoipa. Hili la tatu ndilo linalosahaulika. TL072 inakubali hadi volti 36 kati ya miguu yake ya umeme, kwa hiyo 9 au 18 haziisumbui. LM386N-1 imetengenezwa kufanya kazi kuanzia volti 4 hadi 12. ICL7660, inayotumiwa kuzidisha au kugeuza volti ndani ya pedali, mwisho wake wa kawaida ni volti 10, na hiyo ndiyo hufa kimyakimya unapoichomekea ile adapta isiyo na regyuleta iliyoandikwa 9 na kutoa 13. PT2399 ya pedali za dilei (zinazorudia sauti kama mwangwi) huishi kwenye volti 5 na haipaswi kabisa kuonja 9. Kapasita nazo zina kikomo kilichoandikwa ubavuni: anayetaka kuendesha ovadraivu yake kwa volti 18 ili sauti iwe na nafasi zaidi ahakikishe hakuna kapasita ya volti 16 kwenye njia ya umeme, za volti 25 au 35 ndizo zinazofaa.

Ulinzi dhidi ya umeme uliogeuzwa unapatikana kwa dayodi moja, lakini mahali pa kuiweka panabishaniwa. Wengi huilaza 1N4001 sambamba na umeme, upande wenye mstari ukiwa kwenye chanya. Ncha zikigeuka, dayodi inafunga njia na kutegemea adapta isalimu amri. Adapta dhaifu itasalimu. Adapta ya ampia 2 haitasalimu, na dayodi, ambayo ni ya ampia 1, itaungua, mara nyingi ikibaki imeshikamana kama waya. Binafsi napendelea kuiweka kwenye njia yenyewe, mfululizo na chanya, na kutumia 1N5817 ambayo hula takriban volti 0.2 hadi 0.4 badala ya 0.6 au 0.7 za 1N4001. Umeme ukigeuka, hakuna kinachopita na hakuna kinachoungua. Dayodi hiyo, hata hivyo, haizuii volti zilizozidi. Kazi hiyo inabaki kwa mita yako.

Kuna mbinu ya kuwasha kwa mara ya kwanza ambayo imeniokolea vipuri vingi. Weka rezista ya ohmu 100 ya wati 1 kati ya chanya ya adapta na chanya ya saketi. Pedali ya ovadraivu yenye afya hula takriban miliampia 8, kwa hiyo rezista itachukua volti 0.8 na saketi itabaki na 8.2, zinazotosha kutoa sauti. Ikiwa kuna mahali chanya imegusana na hasi, mkondo hautavuka miliampia 90, rezista itapata joto, na hakuna kitakachokufa. Pima volti kwenye ncha mbili za rezista, zigawanye kwa 100, na umepata mkondo wa pedali bila kukata waya wowote.

Taa ya adapta inazimika mara unapochomeka

Hapa adapta inakuambia kwamba chanya na hasi zimegusana. Zima, chomoa, kisha pima ohmu kati ya ncha mbili za jeki ya pedali. Ikiwa mita inaonyesha ohmu chache zisizobadilika, gusano lipo. Ikiwa tarakimu inapanda taratibu, ni kapasita tu inayojaa.

Ikiwa saketi ilifanya kazi vizuri ikiwa wazi mezani na ikafa ulipoifunga kwenye kasha, angalia jeki ya umeme. Kwa kuwa hasi iko katikati, ganda la nje la jeki lina chanya. Kasha la alumini, kwa upande wake, limeunganishwa na hasi kupitia jeki za gitaa. Ukifunga jeki ya umeme yenye shingo ya chuma kwenye kasha hilo, umeunganisha chanya na hasi kwa nati moja. Tiba ni jeki ya plastiki, na hakuna nyingine inayodumu. Nimeona watu wakizungushia utepe wa karatasi wenye gundi kwenye shingo ya chuma, nayo ikatoboka baada ya wiki chache za kuchomekwa na kuchomolewa. Sababu ya pili ya kawaida ni ile dayodi sambamba iliyoungua. Mita ikiwa kwenye alama ya dayodi, dayodi nzima inaonyesha takriban 0.5 hadi 0.7 upande mmoja na haionyeshi kitu upande wa pili, lakini uinyanyue mguu mmoja kwanza, la sivyo utakuwa unapima saketi nzima.

Sababu ya tatu inawachanganya hata mafundi wazoefu, kwa kuwa kila pedali ikiwa peke yake ni nzima. Pedali za fazi (zinazokwaruza sauti kwa ukali) zinazofuata muundo wa awali wa Fuzz Face, iliyotolewa na Arbiter ya London mwaka 1966, zilitumia transista za jerimani (germanium) za aina ya PNP, na katika saketi ya namna hiyo chanya ndiyo inayokwenda kwenye ardhi. Ichomeke pedali hiyo kwenye waya wa matawi unaogawa umeme wa adapta moja, pamoja na pedali za kawaida, kisha uziunganishe kwa kebo za sauti: kebo inaunganisha ardhi ya fazi, ambayo ni chanya, na ardhi ya jirani yake, ambayo ni hasi. Adapta imefungwa njia kupitia ganda la kebo ya sauti. Utabadilisha adapta, utabadilisha waya, na hutaona kosa mpaka uchomoe kebo ya sauti na taa ya adapta iwake tena. Fazi ya namna hiyo ipewe betri yake, au tundu lililotengwa kabisa na mengine kwenye kigawanya umeme, na iandikwe juu ya kasha kwa wino usiofutika.

Taa ya pedali inawaka lakini hakuna sauti

Taa inathibitisha kwamba umeme umefika kwenye taa, basi. Geuza swichi ya mguu kwanza. Ikiwa gitaa linasikika pedali ikiwa imezimwa, jeki na kebo zina heri, na sasa unaweza kupima ndani. Ncha nyeusi ishikizwe kwenye ardhi ya saketi.

Kwenye chipu za miguu minane kama TL072 au JRC4558, mguu wa 8 unapaswa kuonyesha volti zote, 9 au pungufu kidogo ikiwa kuna dayodi njiani, na mguu wa 4 sifuri. Miguu ya 1 na 7 inapaswa kukaa karibu na nusu, yaani 4.5. Nusu hiyo hutengenezwa na rezista mbili zinazolingana, mara nyingi za kiloohmu 10 kila moja, na kapasita moja. Ukikuta sifuri mahali pa 4.5, rezista ya juu haijashika au kapasita imegeuzwa. Ukikuta 9, rezista ya chini ndiyo iliyoachia. Usishtuke mguu wa 3 ukionyesha 4.1 badala ya 4.5: ikiwa mguu huo unapata umeme wake kupitia rezista ya megaohmu 1, mita ya kawaida yenye megaohmu 10 inakula sehemu ya kile inachokipima.

Kwa pedali ya dilei, mguu wa 1 wa PT2399 uwe na volti 5 na wa 2 uwe na 2.5 hivi. Usipozikuta, angalia miguu ya regyuleta. Kwenye 7805 kubwa, maandishi yakikutazama, kushoto ni kuingia na kulia ni kutoka. Kwenye 78L05 ndogo, ubavu bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, kushoto ni kutoka na kulia ni kuingia. Zimegeuzana, na michoro mingi haisemi. Regyuleta hiyo pia inahitaji takriban volti 7 za kuingia ili itoe 5, kwa hiyo betri iliyochoka huua dilei mapema kuliko ovadraivu.

Mvumo, mluzi na sauti ya pikipiki

Jaribu la kwanza ni betri mpya. Kelele ikiisha, adapta ina hatia; mvumo ukibaki, tafuta kwenye gitaa, kebo au amplifaya, na uache umeme wa pedali upumzike.

Mpiga gitaa ana kipimo masikioni. Umeme wa ukutani wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na ukinyooshwa na dayodi nne mabaki yake huwa ya hezi 100. Uzi mnene wa gitaa, ukibonyezwa kwenye freti ya tatu, hutoa G ya hezi 98. Ikiwa mvumo unakaa karibu kabisa na noti hiyo, juu yake kidogo tu, unasikia adapta isiyochujwa vizuri. Ikiwa msingi wake uko oktavu nzima chini na unabadilika ukigeuka na gitaa mkononi, ni pikapu, yaani vipokezi vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi za gitaa, zinazokamata mvumo kutoka hewani.

Mluzi mwembamba kama wa mbu una chanzo kingine. Chaja za simu na vipandisha volti vinavyogeuza 5 za USB kuwa 9 hufanya kazi kwa kukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na mabaki yake huingia kwenye sauti. Ndani ya pedali yenyewe, ICL7660 hukata umeme kwa takriban kilohezi 10, ambazo sikio linazisikia vizuri. MAX1044 na ICL7660S zinaruhusu mguu wa 1 kuunganishwa na chanya ili kasi hiyo ipande juu ya uwezo wa sikio, na waya mmoja unamaliza kesi. Kwa kelele inayotoka nje, weka rezista ya ohmu 100 kwenye njia ya chanya na kapasita ya mikrofaradi 100 kutoka hapo hadi kwenye ardhi; kichujio hicho huanza kupunguza kila kitu kilicho juu ya hezi 16. Kinafaa pedali zinazokula miliampia chache. Kwenye pedali ya dijitali ya miliampia 60 rezista hiyo itameza volti 6 na kuacha 3, nawe utakuwa umebadilisha mluzi kwa kimya.

Sauti ya putuputu, kama pikipiki inayosimama kwenye taa za barabarani, ni ya umeme unaoyumba: kila ampu ndogo ya ndani inapovuta mkondo, volti zinashuka, inajikata, zinapanda, inaanza tena. Saketi za LM386 zina tabia hiyo. Badilisha betri kuukuu, kisha ongeza kapasita ya mikrofaradi 100 au 220 karibu kabisa na mguu wa umeme wa chipu.

Sauti kudhoofika pedali zikiwa nyingi ni suala la hesabu tu. Jumlisha miliampia za pedali zote na uhakikishe adapta inazidi jumla hiyo. Adapta ya ampia 1 haiunguzi pedali ya miliampia 8, kwa sababu pedali huvuta inachohitaji. Kinachounguza ni volti.

Betri inakwisha usiku mmoja, au inapata joto

Pedali nyingi hutumia jeki ya stirio kwenye upande wa gitaa kama swichi: hasi ya betri iko kwenye pete, na plagi ya mono ikiingia inaiunganisha na ardhi. Ukiacha kebo imechomekwa, betri inaliwa hata swichi ya mguu ikiwa imezimwa. Ikiwa inakwisha bila kebo, waya wa betri umelehemiwa kwenye ganda badala ya pete. Betri inayopata joto wakati adapta imechomekwa ni hatari zaidi, kwa kuwa inachajiwa ilhali si ya kuchajiwa, na itavuja au kupasuka. Jeki ya umeme ina miguu mitatu, mmoja wao ukiwa na swichi inayotenga betri plagi inapoingia. Chanya ya betri imewekwa kwenye mguu usio wake.

Sauti inakatika baada ya nusu saa, kisha inarudi

Hii nimekutana nayo hasa kwa bendi na kwaya zinazopiga kwa betri ya gari au ya sola mahali umeme haujafika. Betri iliyoandikwa 12 huonyesha 12.6 ikiwa imejaa na zaidi ya 14 inapochajiwa, kwa hiyo inahitaji regyuleta. LM317 yenye rezista za ohmu 240 na kiloohmu 1.5 hutoa volti 9.06. Regyuleta hiyo huchoma tofauti ya volti kama joto: betri ikiwa 14, pedali zikila miliampia 300, joto ni wati 1.5, na bila kipande cha alumini cha kupoza chipu inaweza kujizima yenyewe, ikapoa, ikawaka. Funga kipozeo, na kumbuka kwamba kichupo cha chuma cha LM317 kimeunganishwa na mguu wake wa kutoka, kwa hiyo kisiguse kasha bila kipande cha kuhami. Fyuzi ya ampia 1 ikae kwenye waya wa chanya, sentimita chache tu kutoka kwenye nguzo ya betri na si mwisho wa waya karibu na pedali, kwa sababu betri ya gari ikifungwa njia hutoa mamia ya ampia, na sehemu yote ya waya iliyo kabla ya fyuzi itawaka moto.